Ng'ombe wa Jirani na Amani ya Baba

Hii stori nimeiahirisha karibu miaka minne. Niliomba ruhusa ya baba kwanza. Akanyamaza siku mbili, halafu akasema, "Andika. Lakini usiniandike kama shujaa." Basi nitajaribu.

Wengi wenu mnanijua kwa video za shambani na utani wa baridi ya Olenguruone, ile ya kuvaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Leo utani ni kidogo. Nataka tuongee kuhusu maneno mawili ambayo tumeyasikia kanisani mpaka yakaisha ladha: kuhesabiwa haki, na amani na Mungu. Paulo anayaunganisha katika Warumi 5:1, kwamba amani hiyo ni tunda la kuhesabiwa haki kwa imani, na tunaipata kupitia kwa Yesu Kristo. Mimi mstari huo niliukariri nikiwa mdogo nikapewa peremende. Kuuelewa nimekuja kuuelewa juzi, nilipoona umemfanyia baba yangu kazi.

Lakini kwanza mjue kwamba huku kwetu neno haki ni zito. Ukimtajia mtu wa Olenguruone haki, hafikirii mbinguni, anafikiria shamba. Mwaka wa 1941 serikali ya mkoloni ilifungua makazi hapa kwa Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwenye ardhi ya Wamaasai. Wao walisema ardhi hii ni yao, fidia ya mashamba waliyonyang'anywa. Serikali ikasema wako hapa kwa masharti yake. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto, na kufikia 1950 walikuwa wameshafukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Ukienda nyuma zaidi utasikia Waogiek na Wamaasai nao wana yao ya kusema kuhusu huu msitu wa Mau na mbuga zake. Halafu zikaja vurugu za 1992. Halafu zile za uchaguzi wa 2007. Kila jamii huku ina orodha yake ya haki iliyopotea, na kila orodha ina ukweli ndani yake.

Sitasema sisi ni kabila gani na jirani yetu alikuwa kabila gani. Mkishajua mtaacha kusoma na mtaanza kuhesabu.

Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alikuwa na ng'ombe anaitwa Rozi. Sisi watoto tulimjua kwa jina kwa sababu alikuwa mpole, unaweza kumshika pembe. Binti wa huyo jirani tulikaa dawati moja darasa la tatu. Usiku mmoja familia yao ikaondoka na nguo walizovaa. Asubuhi nyumba yao ilikuwa moshi. Baba hakuchoma. Hilo alilisema mara nyingi sana miaka iliyofuata, kwa watu ambao hata hawakuwa wamemuuliza. Lakini jioni ya siku ya pili alivuka kijito, na aliporudi alikuwa na kamba mkononi na Rozi nyuma yake. Wiki hiyo hiyo akarudi tena kuchukua mabati yaliyokuwa hayajaharibika. Yalikuwa kumi na manane. Yakawa paa la banda letu.

Mama alitukataza kumwita Rozi. Kuanzia siku hiyo akawa "ng'ombe" tu.

Tulikunywa maziwa yake. Alizaa, na ndama wake wakazaa. Mafahali wawili wa ukoo wake waliuzwa 2013 nikaingia kidato cha kwanza. Kwa hivyo mkisikia Kiswahili changu kizuri, mjue kuna mahali karo ilitoka.

Sasa, baba aliokoka 2009. Mwaka uliofuata akawa shemasi. Na jamani, alitumika! Fungu la kumi halikukosa, hata mwezi ambao sisi tulikula viazi bila chumvi. Harambee ya kujenga kanisa, jina lake lilikuwa la kwanza. Kesha za Ijumaa alikuwa anafungua mlango yeye na kufunga yeye. Mtu akifiwa, baba ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kijijini walimsifu. Nyumbani tulimwona akiwa haongei, analala vibaya, na anakasirika mtu akitaja tu neno Nakuru, kwa sababu jirani alikuwa ameenda kwenye kambi ya wakimbizi pale uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na baadaye tukasikia amekaa viungani mwa mji huo huo.

Niliwahi kudhani baba ni mnafiki. Siku hizi naona nilikosea. Mnafiki anajua anadanganya na analala vizuri. Baba alikuwa analipa. Alikuwa na deni moja upande mmoja wa kijito na akawa analilipia upande mwingine, miaka kumi na moja, na salio halikushuka hata shilingi.

Mwaka wa 2021 akaanguka kutoka kwenye paa la banda, lile lile la mabati, akavunjika mguu. Akafungwa plasta. Miezi mitatu hakuna kesha, hakuna kutembelea wafiwa, hakuna kufungua mlango wa kanisa. Ndipo hofu yake ikatoka nje. Ilikuwa kama mtu anayelipa mkopo kila siku, halafu siku moja biashara inafungwa na mwenye deni bado amekaa sebuleni. Usiku alikuwa ananiita nimsomee Biblia kwa sababu macho yake na taa ya sola havikuelewana.

Tulikuwa tunasoma Warumi, sura moja kila jioni. Tukafika sura ya nne, mstari wa tano, pale Paulo anaposema kwamba Mungu anamhesabia haki mtu mwovu, yule asiye na kazi yoyote ya kuonyesha ila anamwamini tu. Nikaendelea mbele. Baba akanisimamisha.

"Rudi. Amesema nani anahesabiwa haki?"

"Mwovu, baba."

"Aliyekuwa mwovu akabadilika?"

Nikaangalia tena. "Hapana. Imeandikwa mwovu tu."

Hakusema kitu. Nikadhani amelala. Baadaye kidogo akaniuliza, sasa mtu anahesabiwaje kitu ambacho hana? Na mimi, ambaye sijasomea theolojia popote, nikajibu kwa kitu cha kwanza kilichonijia, ambacho ni majani chai.

Wale ambao hamjakulia kwenye chai, ni hivi. Kila mkulima ana namba yake kwenye kituo cha kununua majani. Unapeleka gunia, karani anapima, anaandika kilo kwenye namba yako, na mwisho wa mwaka bonasi inakuja kwa hizo kilo. Karani haulizi ni mkono wa nani ulichuma. Ile miezi mama alikuwa amelazwa, kuna jirani mwingine alikuwa anachuma shamba lake, anafika kituoni na kusema, "Leo andika kwa namba ya mama fulani." Kilo zilikuwa zake, jasho lake, majani yake. Kitabuni zikawa zetu, na si kwa kuiba, kwa sababu mwenyewe ndiye alisema ziandikwe hivyo. Bonasi ilipokuja ilikuwa yetu kabisa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sikuwa nimekosea sana. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo hapo ni la watu wa hesabu, la kuandika kitu kwenye akaunti ya mtu. Katika hiyo sura moja analirudia zaidi ya mara kumi. Ibrahimu alimwamini Mungu, na hiyo imani ikaandikwa kwenye namba yake kuwa haki. Kristo ndiye aliyechuma. Sisi tuna namba tu, na namba yetu ilikuwa na deni.

Baba akalia usiku ule. Sijawahi kumwona akilia, hata mazishi ya nyanya. Kisha akaniambia habari za Rozi, tangu mwanzo, kana kwamba sikuwahi kunywa yale maziwa. Nikamsikiliza mpaka mwisho.

Hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho mahubiri mengi hayakuwahi kunipa. Kwa miaka kumi na moja baba hakuweza kwenda kwa jirani, na si kwa sababu alikuwa na moyo mgumu. Alikuwa bado yuko kizimbani akijitetea. Mtu anayejitetea hawezi kukiri. Kila kazi njema aliyofanya ilikuwa ushahidi wa upande wake, na kukiri kuhusu Rozi kungebomoa kesi nzima. Siku alipoamini kwamba hukumu yake imeshatolewa, kwamba Mungu amemwachilia akiwa mwovu na kwa ajili ya Kristo, hakuwa na kesi tena ya kulinda. Sasa angeweza kusema, "Ndiyo, nilichukua." Hakukuwa na kitu cha kupoteza.

Nimesoma kidogo kuhusu Martin Luther, yule mtawa wa Ujerumani wa miaka ya 1500. Naye alikuwa anafunga, anaungama kwa saa nyingi, anajitesa, na hana amani, mpaka Warumi 1:17 ilipomfungukia. Kanisa likagawanyika kwa jambo hilo kwa karne nyingi. Tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika Kristo, si kwa stahili yetu. Nataja hili kwa sababu upande wa mama wote ni Wakatoliki, na Krismasi huwa tunabishana. Kwa hili hatuna haja ya kubishana sana.

Turudi kwa baba. Plasta ilipotolewa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchagua mtamba mmoja, mjukuu wa Rozi, mwenye mimba. Huwezi kusafirisha ng'ombe hivi hivi, unahitaji kibali cha afisa wa mifugo, na kabla ya hapo barua ya chifu. Ofisini karani akauliza swali la kawaida kabisa: "Mwenye ng'ombe ni nani?" Watu wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja vitambulisho. Baba akataja jina la jirani. Karani akainua kichwa. Baba akalirudia kwa sauti, herufi kwa herufi, ili aandike vizuri.

Jioni hiyo kijiji kizima kilijua. Kuna waliomwambia anawachoma wengine, maana akirudisha yeye, na wao je? Kuna rafiki yake wa miaka mingi hajamsalimia mpaka leo. Hiyo gharama ipo, sitaificha.

Tulienda na pikapu, kupitia Keringet na Molo hadi Nakuru. Baba alikuwa na mtamba na bahasha ya pesa za mabati kumi na manane, bei ya mabati mapya. Njiani hakuongea. Mimi nilikuwa natunga kichwani jinsi itakavyokuwa: watakumbatiana, watalia, nitapiga picha moja kutoka mbali. Ndiyo, nilifikiria hivyo. Nisamehewe.

Haikuwa hivyo. Mzee alitoka nje, amezeeka kuliko baba ingawa ni rika lake. Baba akavua kofia. Akasema, "Jirani, nilichukua ng'ombe wako na mabati yako 2008. Nimekuja kusema mbele yako. Sina kisingizio." Mzee akamwangalia muda mrefu. Halafu akamzunguka yule mtamba, akamshika pembe.

"Huyu ni wa Rozi?"

"Mjukuu wake."

Akachukua kamba. Bahasha akaipokea, akahesabu pesa mbele yetu, na ni haki yake. Hakutukaribisha chai, na kwetu mtu kutokukaribisha chai ni ujumbe mrefu. Baba, kwa kutafuta la kusema, akamwambia kwamba Mungu amempa amani. Mzee akajibu polepole, "Ya Mungu umepata. Ni sawa. Yangu bado, mzee. Usiniharakishe."

Tukarudi. Nilikuwa nimevunjika moyo. Nikamuuliza baba kama anajuta kwenda. Akasema, "Kama ningeenda kutafuta amani kwake, ningerudi mikono mitupu. Nilienda nayo." Usiku huo alilala. Mama anasema alikoroma mpaka akataka kuhamia chumba changu.

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, sasa si hiyo inathibitisha kwamba matendo ndiyo yanaleta amani? Alirudisha ng'ombe, akalala. Hapana, angalia mpangilio. Usingizi ulikuwa umeanza kurudi kabla plasta haijatolewa. Ni kama Zakayo, yule wa Biblia, si yule tuliyemtengenezea memes za kodi. Yesu alijikaribisha nyumbani kwake wakati bado ni mwizi na watu wakanung'unika. Ahadi ya kurudisha mara nne ilitoka kwa mtu ambaye mgeni wake alikuwa ameshakubali kuingia. Nyanya alikuwa akituambia kuhusu ndugu wa uamsho, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 na kufika Kenya 1937. Walijulikana kwa kuungama waziwazi na kurudisha vitu walivyoiba. Walikuwa wakirudisha kwa sababu wamesamehewa.

Na kuna mtu mwingine, huyu ananisumbua zaidi, anayesema, "Mimi niliokoka, mambo ya kale yamepita." Hilo nimelisikia sana huku. Kuna watu wameketi juu ya mabati ya wenzao na wanaimba pambio. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika zile vurugu, na wengi wa waliofanya na waliofanyiwa walikuwa wamebatizwa. Mnamo Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande, na wakaomba msamaha. Niliwaheshimu kwa hilo. Ndugu yangu, kama Mungu amekuhesabia haki bure, kwa nini unaogopa barua ya chifu? Anayeshikilia ng'ombe wa jirani na kusema ana amani na Mungu, mimi namshuku. Simhukumu. Namshuku tu, kwa sababu nilikaa na mtu kama huyo miaka kumi na moja na nikaona jinsi anavyolala.

Sharti la kuhesabiwa haki si kurudisha. Yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu hakurudisha chochote, mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Lakini mikono ya baba haikuwa imepigiliwa. Yangu pia.

Na hapo ndipo nimefika mimi. Miezi mitano baada ya safari ile, simu ya baba ililia, ujumbe kutoka namba asiyoijua. Neno moja: "Amezaa." Baba akaniletea nisome, kana kwamba ni barua ya serikali. Hawajakuwa marafiki. Wanatumiana ujumbe kuhusu ng'ombe, basi. Mara ya mwisho mzee aliuliza kama dawa ya kupe tunayotumia inafaa.

Katika ujumbe mmoja alitaja kwamba binti yake, yule wa dawati moja, ndiye anayekamua. Aliacha shule darasa la saba, pale kambini na baadaye. Mimi nilisoma kwa mafahali wa Rozi hadi chuo. Kwa miaka yote hii nimejiambia nilikuwa mtoto wa miaka tisa, sikuchukua kitu. Ni kweli sikuchukua. Lakini mnaona ninavyojitetea? Nimeanza kusikia sauti ya baba ya zamani ndani ya yangu, akisema hakuchoma, kwa watu ambao hawajamuuliza.

Namba yake ninayo, mzee alimpa baba. Sijui nitasema nini. Sina cha kumrudishia kinachotosha, na sitaki kumpigia ili anitulize. Hilo la kutulizwa nimelipata kwingine, usiku ule nilipokuwa nasoma kwa tochi ya simu na kidole kwenye mstari wa tano. Nataka tu kumwambia kwamba najua karo yangu ilitoka wapi, na kumuuliza kama kuna kitu angependa, na kama hakuna, kumwacha.

Nitapiga Jumamosi, baada ya saa za kukamua.